Filamu Mbaya, Sawa, Lakini Kosa ni la Nani?

Simama nje ya ukumbi wa sinema pale Mlimani City usiku wa Ijumaa usikilize watu wanavyotoka. Hukumu ni mbili tu: "kali" au "hamna kitu". Ukimuuliza mtu kwa nini hamna kitu, mara nyingi atakujibu kwamba waigizaji hawajui kuigiza. Sisi tunaotazama filamu ili kuzipa alama tumezoea kulipokea jibu hilo kwa tahadhari. Mwigizaji ndiye anayeonekana, na anayeonekana ndiye anayebebeshwa mzigo. Nyuma yake yupo mwandishi aliyempa mstari usiotamkika, yupo mtu wa sauti aliyeweka maiki mbali, mhariri aliyemkata kabla hajameza mate, na mwongozaji aliyeridhika na teki ya kwanza, yaani jaribio la kwanza la kupiga, kwa sababu jua linazama na jenereta ni la kukodi. Kupima filamu ni kujua mkono upi ulifanya nini. Alama inakuja baadaye, na kwa kweli ndiyo sehemu nyepesi.

Mahali pa kuanzia ni sauti, ingawa kila mtu hukimbilia picha. Mtazamaji husamehe picha yenye giza kidogo, husamehe hata kamera inayotikisika, lakini sauti inayokwaruza humchosha bila yeye kujua kimemchosha nini. Anajikuta tu ameshika simu, anasema stori imepoa. Stori haijapoa, masikio yake yamechoka kuchuja maneno.

Jaribio lake halihitaji kifaa. Chagua dakika 5 za mazungumzo katikati ya filamu, funga macho, usikilize. Jiulize unasikia kila neno bila kukaza sikio? Unasikia chumba, yaani ule mvumo mdogo wa mahali, au unasikia mvumo unaokatika kila mtu mwingine anapoanza kusema? Mvumo ukikatika ujue kila shoti, yaani kila kipande cha picha kisichokatwa, ilirekodiwa na kelele yake na mhariri hakuwa na kitu cha kuziunganisha. Dawa yake ni rahisi: mkimaliza kupiga sini, yaani tukio zima la mahali pamoja, wote mnanyamaza mnarekodi ukimya wa chumba hicho kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha ukimya huo unalazwa chini ya mazungumzo yote. Ni kazi ya sekunde 60, na bado ndiyo inayoachwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu kuwanyamazisha watu 15 waliochoka, wenye njaa, si jambo dogo.

Dar es Salaam ni mji mgumu kwa sauti, na hapo ndipo anayepima anapopata ushahidi wa bure. Adhana inaanza katikati ya shoti ya mwanamume, inapotea kwenye shoti ya mwanamke, inarudi kwa mwanamume. Kwenye skrini mazungumzo ni ya chini ya dakika moja, kumbe shoti zilipigwa kwa kupishana nusu saa. Friji inaunguruma jikoni kwa sababu hakuna aliyeichomoa. Feni ya dari inazunguka kwa sababu bila feni wigi na poda vinaharibika kwa joto. Bodaboda inapita nje kila baada ya mstari. Mvua kwenye bati ndiyo mbaya zaidi, maana haichomolewi wala haifukuzwi. Mwongozaji anayejua kazi yake ama anasubiri, ama anaiingiza mvua kwenye hadithi. Ukiona wahusika wanazungumza kwa sauti ya kawaida huku bati linapigwa, kosa ni la aliyesema "twende tu".

Halafu kuna umbali wa maiki. Sauti iliyochukuliwa na maiki ya kamera iliyosimama mita 3 kutoka kwa mwigizaji huja na ukuta wote wa nyumba. Utaisikia kama mtu anazungumza akiwa bafuni, hasa kwenye zile sebule za kupanga zenye vigae sakafuni na mapazia mepesi. Maiki ya mti, ile inayoshikwa kwenye fito ndefu, inatakiwa iwe karibu na mdomo, nje kidogo tu ya fremu. Maiki ya kubana kifuani inasaidia, ila ukivaa kitenge kipya chenye nta au mkufu wa shanga, kila pumzi inakuwa mkwaruzo. Ukisikia mkwaruzo unaokuja na kuondoka kulingana na mwigizaji anavyogeuka, hiyo ni nguo, si spika zako.

Muziki nao unastahili roho mbaya kidogo. Kinanda cha huzuni kinachoanza kabla huzuni haijafika ni kukiri kwamba sini haikufanya kazi. Na muziki ukiwa juu kuliko maneno, usiwe na huruma: punguza alama nzima. Lakini kabla ya kupunguza, hakikisha tatizo ni la filamu. Filamu uliyoitazama kwenye kibanda umiza chenye spika moja mbovu, au kwenye simu ndani ya daladala, hujaisikia bado. Isikilize tena kwa visikizi vya masikioni, mahali patulivu. Na zile filamu za nje zilizotafsiriwa, zile za kupachikwa sauti ya msimulizi juu ya sauti ya asili kama walivyofanya akina Lufufu, hizo usizipime sauti kabisa, wala mazungumzo. Tafsiri ile ni burudani ya pekee na ina ufundi wake. Mpe msimulizi alama zake, lakini usimpe mwongozaji wa Hong Kong lawama kwa utani uliochomekewa huku kwetu.

Baada ya sauti, hadithi. Hapa kuna kipimo kimoja kinachofanya kazi kwa filamu karibu zote za kawaida: ifikapo dakika ya 10 hadi ya 15, unaweza kusema kwa sentensi moja nani anataka nini na nani au nini kinamzuia? Kama huwezi, andika hivyo, na andika dakika uliyoweza. Kuna filamu nzuri zinazochelewesha jambo hilo makusudi, lakini zinakupa kitu kingine cha kushika: mahali, mtu wa ajabu, swali. Filamu mbovu haikupi chochote, inakupa geti.

Geti, ndiyo. Anayefahamu filamu za Bongo za enzi za DVD anajua tunachosema. Gari linapiga honi. Mlinzi anatoka. Geti linafunguliwa, upande wa kwanza, kisha wa pili. Gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi barazani, anavua viatu. Filamu nyingi za wakati ule ziliuzwa kwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2, kila moja na kasha lake, na hadithi ya dakika 80 ilibidi ivutwe ijaze diski mbili. DVD zimekwisha, ila mkono uliozoea kuvuta bado unavuta, sasa kwa ajili ya vipande vya YouTube na tamthilia za kila wiki. Pima hivi: chukua saa, jumlisha dakika ambazo hakuna habari mpya inayoingia wala hisia inayobadilika, yaani kuendesha, kutembea, kufungua, kupiga simu isiyopokelewa. Ukipata dakika 15 ndani ya filamu ya dakika 90, umepata moja ya sita ya filamu nzima ambayo ingetolewa bila mtu kuuliza. Kosa hilo linaanzia kwa mwandishi, linapitia kwa mhariri, na mara nyingi mwenye amri ya mwisho ni aliyetoa pesa.

Kipimo kingine cha hadithi ni viunganishi. Simulia filamu kwa rafiki, sini kwa sini, usikilize unatumia neno gani kuunganisha. Ukijikuta unasema "halafu, halafu, halafu", matukio yamepangwa foleni tu. Ukijikuta unasema "kwa hiyo" na "lakini", matukio yanazaana. Usidanganye ukabadilisha kiunganishi ili filamu ya ndugu yako ipite.

Bahati nayo ina kanuni. Bahati inayomwingiza mhusika kwenye matatizo inakubalika. Kukutana na mpenzi wa zamani Kariakoo kwenye msongamano ni jambo linalotokea. Bahati inayomtoa ni wizi. Adui aliyesumbua familia kwa saa nzima na nusu anagongwa na gari dakika 3 kabla ya mwisho, mali zinarudi, watu wanakumbatiana. Hapo mwandishi hakupata njia, akaajiri dereva.

Mazungumzo tuyaangalie kwa karibu, kwa sababu ndiyo yanayowaponza waigizaji kuliko kitu chochote. Tuseme ni sebuleni Tabata. Mama mkwe amekuja bila taarifa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mume wako yuko wapi?"

"Mume wangu Frank, ambaye ni mwanao wa pekee, amekwenda kazini kwake benki."

Mwigizaji yeyote, hata mkongwe, akipewa mstari huo wa tatu ataonekana anasoma. Hakuna mkamwana anayemwambia mama mkwe kwamba Frank ni mwanaye. Mwandishi alikuwa anatupasha habari sisi, akamtumia mkamwana kama kipaza sauti. Sasa geuza:

"Marahaba. Huyu bado hajarudi?"

"Bado, mama. Mwisho wa mwezi huu, wanafunga hesabu."

"Mh. Na mimi nilimzaa mmoja tu."

Habari ni zilezile: mtoto wa pekee, anafanya kazi inayohusu hesabu. Ila sasa kuna lawama ndani yake, na mwigizaji ana kitu cha kucheza. Unapopima, kabla hujaandika "uigizaji mbovu", mtoe mwigizaji kwenye mstari huo na umweke mwingine unayemkubali kichwani mwako. Naye akishindwa, kosa limehama, peleka alama kwenye safu ya hadithi.

Uigizaji wenyewe, basi, unaupimaje ukishauondolea makosa ya wengine? Usimwangalie anayezungumza. Mwangalie anayesikiliza. Anayejua kazi husikia neno kwa mara ya kwanza kila teki. Uso hubadilika kwenye neno lenye uzito, si mwisho wa sentensi. Asiyejua husubiri zamu. Utamwona: macho yametulia, midomo inajiandaa, na mwenzake akimaliza anaanza papo hapo, hakuna hata pumzi. Pia tazama kama watu wanakatizana. Watu wa mjini wanaogombana hawapeani nafasi kama wabunge mbele ya Spika.

Machozi siyo kipimo. Wapo wanaolia kila filamu na hawajawahi kutusogeza hata hatua. Wala ukali wa sauti. Kipimo kizuri zaidi ni kama mhusika ana tabia ileile akiwa na mtu mkubwa kwake, mdogo wake, na akiwa peke yake, huku akibadilika kidogo kwa kila mmoja kama binadamu wote. Bosi anayemfokea mlinzi, akampokea shemeji yake kwa lafudhi na mwendo uleule wa kufoka, huyo ni bosi wa bango. Uhusika umempwaya.

Na lafudhi ihesabiwe. Mhusika aliyekulia Mbulu akahamia mjini jana hawezi kutiririka Kiswahili cha Magomeni. Kinyume chake, kumpa kila mtu wa bara lafudhi ya kuchekesha ni uvivu. Msikilize mwigizaji kwenye hasira. Hapo lafudhi ya kuazima hudondoka.

Uhariri una siri ya kuudhi: ukiwa mzuri hauonekani, kwa hiyo unapewa alama chache. Zaidi ya miaka 100 sasa tangu Lev Kuleshov wa Urusi aanze kazi ya filamu, na jaribio lake ndilo linalopaswa kumtia hofu kila anayesifia waigizaji haraka. Alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, hauna hisia yoyote ya wazi, akauunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na matamanio. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni ujirani wa shoti. Kwa hiyo mwigizaji akikuliza, rudisha nyuma, tazama umelia kwenye uso wake au kwenye kilichofuata.

Cha kukagua: mkato unaokuja mapema mno au uliochelewa. Mtu akimaliza kusema, picha ikabaki kwake sekunde 2 zaidi bila kitu, mhariri amelala. Mtu akiwa ndiyo kwanza anapokea habari mbaya, picha ikahamia nje kwenye gari, mhariri amemnyima. Macho ya watu wawili wanaozungumza yanatakiwa yakutane: mmoja atazame kulia kwa skrini, mwingine kushoto. Kamera ikivuka ule mstari wa kufikirika kati yao bila sababu, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kama abiria wa siti moja, na wewe utahisi kitu hakijakaa sawa hata kama huna jina lake.

Kisha mwendelezo. Glasi ya juisi iliyokuwa nusu inajaa. Kivuli kilichokuwa kifupi saa 6 mchana kinakuwa kirefu katikati ya mazungumzo. Wigi limebadilika mchano. Haya ni matamu kuyakamata na watu huyashangilia mitandaoni, lakini yasile alama nyingi. Kosa la glasi halijawahi kuua filamu iliyokushika. Kama umeiona glasi, swali la kweli ni kwa nini ulikuwa na nafasi ya kuitazama glasi.

Picha tutaipitia haraka, maana siku hizi kamera za bei ya kawaida zinapiga vizuri na hapo ndipo sekta imepiga hatua. Angalia mambo matatu. Ngozi: watu weusi mbele ya ukuta mweupe, kamera ikaachwa ijiamulie mwanga, nyuso zinakuwa vivuli wakati ukuta unang'aa, au kinyume chake, nyuso zimesafishwa hadi zimekuwa za rangi ya karanga mbichi. Jua: la Dar saa 6 hadi saa 8 mchana linashuka wima, linachimba mashimo meusi chini ya macho, na timu isiyo na hata kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga haitakiwi kupiga sura za karibu muda huo. Na droni. Tangu Daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016 sijui limerukiwa mara ngapi. Shoti ya droni haina alama ya nyongeza. Inapata alama ikikwambia kitu ambacho sini inahitaji: umbali wa mtu kutoka alikotoka, ukubwa wa mji kwa mgeni. Kama iko pale kutuonyesha kwamba droni ilikodiwa, tunashukuru, tumeiona.

Sasa namba. Tunapendekeza 100, zigawanywe hivi: hadithi na mazungumzo 30, uigizaji 20, sauti 20, uhariri 15, picha 15. Mwongozaji hana safu yake kwa sababu yupo kwenye safu zote. Wengine watashangaa sauti kuizidi picha. Wakatazame tena zile dakika 5 wakiwa wamefumba macho. Mfano: filamu imepata hadithi 21, uigizaji 15, sauti 7, uhariri 9, picha 12. Jumla 64. Lakini tuna dari moja: sauti ikiwa chini ya 8, jumla haivuki 55 hata safu nyingine zingekuwa za dhahabu. Filamu ambayo mtazamaji anakosa maneno yake haijamfikia, na 64 ingemdanganya.

Mgawanyo huo ni wa filamu ya hadithi ya kawaida. Ya kutisha, hamishia sauti alama 5 kutoka picha, kwa sababu woga unaingilia masikioni. Komedi ina jaribio lake: irudie peke yako, chumbani, bila kundi. Ukumbi uliojaa hucheka kwa kuambukizana. Filamu ya makala usiipime kwa vipimo hivi kabisa.

Na kila filamu ipimwe kwa ilichokusudia. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, inasimulia wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na sehemu yake. Kuilaumu kwamba haina stelingi mmoja ni kumlaumu mwenye duka la viatu kwa kutouza sukari. Swali lake ni jingine: je, sehemu hizo nne zinaongezeana nguvu, au ipo moja unayoweza kuitoa bila pengo? Vivyo hivyo filamu iliyotokana na riwaya. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji inatokana na riwaya ya Adam Shafi, na msomaji wa riwaya ataingia na orodha ya vilivyoachwa. Orodha hiyo haina kazi kwenye karatasi ya alama. Pima kilichomo kwenye skrini: je, aliyekuja bila kusoma kitabu anaelewa kwa nini watu hawa wa Zanzibar ya miaka ya 1950 wanahatarisha walichonacho?

Kuhusu namna ya kutazama. Mara ya kwanza usishike kalamu. Tazama kama mtu aliyelipa. Ikiisha, andika mambo matatu unayoyakumbuka bila kujilazimisha, kisha iache hadi kesho yake. Mara ya pili ndiyo ya kalamu, na hapo andika dakika na unachokiona au kukisikia, siyo maoni. "14:20, friji inasikika shoti ya baba, haipo shoti ya mama." "31:05, anajibu kabla mwenzake hajamaliza kutaja jina." Usiandike "inaboa". Kuboa ni matokeo, unatafuta chanzo. Ukirudi kwenye karatasi hiyo wiki ijayo, maandishi ya dakika yatakuwa bado yana maana, maneno ya hasira hayatakuwa nayo.

Weka filamu tatu za kupimia ambazo unazijua vizuri: moja dhaifu, moja ya wastani, moja bora. Kila alama mpya ijibu swali, hii ni bora kuliko ile ya wastani? Bila hizo, alama zako za Desemba zitakuwa kubwa kuliko za Machi, kwa sababu ya sikukuu tu. Kwa wanaotumia 1 hadi 10, tunashauri uikataze namba 7 kwa muda. 7 ndiyo alama ya woga: haimuudhi mwongozaji, haimwambii mtazamaji chochote. Ukilazimika kuchagua kati ya 6 na 8 utagundua kumbe una maoni.

Mkiwa kundi, kila mtu aandike alama zake kimya kabla ya mazungumzo, maana mwenye sauti nzito akishatamka namba yake, wengine wanaizunguka. Mkiwa watano au zaidi, toeni alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, pateni wastani wa zilizobaki. Jadilini safu zile tu mlizotofautiana sana. Hapo mara nyingi mmoja ameona kitu wengine hawakukiona. Na yeyote mwenye undugu, deni au urafiki na filamu aseme mapema. Mji huu ni mkubwa kwa ramani, kwa sanaa ni mtaa mmoja. Usiku wa uzinduzi, pamoja na zulia jekundu, soda na waigizaji wamekaa siti ya nyuma yako, usitoe alama. Nenda kalipe tiketi wiki inayofuata.

Namba za mitandaoni zisome ukijua zinapima nini. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya hukumu za wahakiki, siyo wastani wa ubora. Ni sehemu ya wahakiki walioipa filamu hukumu ya kuridhisha, na kuanzia 60% inahesabiwa kuwa imefaulu. Kwa hiyo wahakiki wote wakisema "siyo mbaya", filamu inaweza kubeba 100%, na nyingine iliyowagawa vikali, nusu wakaiona kazi ya kipekee, ikabaki 50%. Metacritic inatoa wastani wa alama kati ya 0 na 100, ila baadhi ya wahakiki wamepewa uzito zaidi. IMDb ni kura za watazamaji, 1 hadi 10, nazo zinapewa uzito kabla ya kutolewa wastani. Filamu ya hapa ikiwa na kura chache, ujue hesabu hiyo inaweza kuwa ni timu ya filamu na shemeji zao. Fungua uone kura zimekaaje: nyingi zikiwa kwenye 10 na kwenye 1, katikati patupu, hiyo ni vita ya mashabiki. Na daraja la umri linalotolewa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 linahusu nani anafaa kutazama. Halisemi kama filamu ni nzuri, ingawa wapo wanaolibandika kwenye bango kama tuzo.

Linabaki suala la pesa, na hapa watu hugombana. Filamu iliyopigwa kwa siku chache na kamera ya kuazima, je, ipimwe sawa na ya bajeti kubwa? Msimamo wetu ni kwamba alama haijui umaskini, maelezo yanaujua. Mtazamaji analipa bando lilelile. Safu za sauti na picha zikae jinsi zilivyo. Kwenye maelezo, sema kilichofanywa kwa kidogo kilichokuwepo, mathalani sini yote imepigwa kwenye kordo moja na bado ikawa na presha. Na kumbuka kwamba vingi tulivyovitaja havigharimu pesa. Kuchomoa friji ni bure. Kufuta mstari wa "ambaye ni mwanao wa pekee" ni bure. Kurekodi ukimya ni bure. Anayetoa kisingizio cha bajeti kwenye mambo hayo, usimwongezee hata nukta.

Mwishoni mwa karatasi andika tarehe, ulitazama wapi, kwa kifaa gani, na toleo lipi, pamoja na urefu wake kwa dakika. Filamu moja inaweza kuwa na toleo la ukumbini, la televisheni lililokatwa kwa ajili ya matangazo, na la YouTube ambalo muziki wake umenyamazishwa au kubadilishwa kwa sababu ya hakimiliki. Mtu akikuandikia kwamba sini uliyoisema haipo, mwulize kwanza lake lina dakika ngapi.